Mnara Uliouzwa na Gawio la Bi Zuhura

Vijana wanaonijia na habari za hisa za kampuni za simu wote huuliza zinatoa gawio kiasi gani. Bado sijampata aliyeuliza gawio hilo linatoka wapi. Siwalaumu. Mimi nilipanda minara ya simu katika kisiwa hiki kwa zaidi ya miaka ishirini, nikajifunza kusoma ripoti za kampuni kwa kamusi na penseli, na siku nilipotakiwa kuliuliza swali hilo kwa ajili ya mtu mwingine, nililisahau. Mtu huyo ni Bi Zuhura, na kilichokuwa hatarini ni yeye kubaki au kutobaki kwenye flati yake ya Michenzani. Nitawaeleza ilivyokuwa. Nitazunguka kidogo, maana bila ya kuzunguka hamtaona kosa langu lilikaa wapi.

Kwanza tuelewane juu ya gawio. Ukiwa na hisa za kampuni, wewe ni mmoja wa wenyewe, hata kama sehemu yako ni ndogo kama punje ya mchele kwenye gunia. Kampuni ikipata faida, wakurugenzi huamua kiasi gani kibaki kazini na kiasi gani wagawiwe wenyewe. Hicho wanachogawiwa ndicho gawio. Ukinunua hisa kwa shilingi mia tano na mwaka huo ukapata gawio la shilingi thelathini, umepata shilingi sita kwa kila mia uliyoweka, kabla ya kodi. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza. Ugumu wake ni kwamba ile mia tano umeshaitoa na ile thelathini ya mwakani hakuna aliyekuahidi.

Bi Zuhura alinifundisha kazi, ingawa kwenye karatasi hakuwa mkubwa wangu. Nilipoanza, simu zilikuwa za waya, na waya zilipita chini ya vichochoro vya Mji Mkongwe ndani ya mabomba yaliyojaa maji. Mimi nilikuwa nikiingia shimoni, Shangani au Hurumzi, mbele yangu kebo yenye mamia ya waya nyembamba kama nyuzi za kushonea kofia. Yeye alikaa ofisini kwenye meza ya majaribio, kisikilizio sikioni. Mimi nagusa jozi moja ya waya, yeye anasikiliza, ananiambia ni ya nani na ina ugonjwa gani. Wiki yangu ya kwanza nilimwambia kwa kujiamini kwamba nadhani jozi niliyoshika ni ya hoteli.

"Usin'ambie unachodhani, mwanangu," akasema. "N'ambie unachosikia."

Nikasikiliza. Mtu alikuwa akiagiza kilo kumi za nguru na kulalamika juu ya wale wa jana. Ilikuwa ya hoteli kweli, lakini Bi Zuhura hakunipongeza. Kupatia kwa kubahatisha, kwake, kulikuwa sawa na kukosa. Tofauti yake ni kwamba aliyekosa hujua kuwa ana kazi ya kufanya.

Kutokana na mafunzo yake nilianza daftari lenye safu tatu. Ya kwanza nilichokiona kwa macho, ya pili kilichoandikwa kwenye karatasi za kazi, ya tatu nisichokijua. Safu ya tatu ndiyo iliyojaa haraka. Nilipoanza kusoma ripoti za kampuni, nilitumia daftari la namna hiyo hiyo, na hadi leo ninalo.

Kununua hisa nilianza kwa udadisi tu. Kampuni moja ya simu ilitangaza kuuza hisa kwa wananchi, na pale kazini watu waligawanyika. Wengine walisema ni utajiri, wengine walisema ni njia ya Bara kutuchukulia akiba zetu. Mimi nilikuwa sijui, nikanunua chache ili nijue. Nilinunua nyingine baadaye kidogo niliposikia gawio limetangazwa, nikakaa kulisubiri kama mtu anayesubiri mwezi wa Idi. Halikuja kwa zile mpya. Nikampigia dalali wa hisa, dada mmoja mpole wa Dar es Salaam, akanieleza kwamba kuna siku daftari la wanahisa hufungwa, na mwenye jina lililoingia baada ya siku hiyo hapati kitu mwaka huo. Nilikuwa nimechelewa siku tatu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba sikumuuliza. Nikaliandika hilo kwenye safu ya kwanza. Lile gawio la hisa za mwanzo nilinunulia pweza na nazi mbili, na chenji ikabaki ya urojo. Nyumbani waliniuliza kama hicho ndicho chakula cha matajiri.

Jambo jingine lililonishughulisha lilikuwa dini. Sikutaka kula riba kwa jina jipya. Nilimwendea ustadhi mmoja wa Mkunazini, mtu wa kusikiliza, nikamweleza kila nilichokijua. Alinihoji zaidi kuliko nilivyomuuliza: kampuni inauza nini, ina mikopo kiasi gani, ikipata hasara mimi napata nini. Nilipomwambia ikipata hasara sipati kitu, na hisa zenyewe zinaweza kushuka, alisema hapo ndipo ilipo tofauti na riba, kwamba mwenye riba hudai chake hata mkopaji akizama. Akanitahadharisha na kampuni zilizozama kwenye mikopo, na akanikumbusha zaka. Wengine wana maoni makali zaidi kuliko yake, nanyi muulizeni mnayemwamini. Ninachotaka mkione ni kwamba maswali yake ndiyo yale yale ambayo mwekaji akiba makini angeuliza.

Sasa minara, nilikohamia simu za mkononi zilipoingia. Kuna kosa ambalo fundi wa minara hulifanya na mtu mwingine hawezi kulifanya. Fundi anaona mnara umejaa. Vijana wa mjini wanauona mtandao unaenda kasi au pole, basi. Lakini sisi tulikuwa tunaona kwenye mashine ni watu wangapi wanazungumza wakati huo huo, na tulikuwa tukijidanganya kwamba tumeona faida.

Ile miezi ambayo umeme ulikatika kisiwa kizima, wazee wenu wanaikumbuka, mimi nilikuwa nikihudumia mnara wa Uroa. Jenereta halikuzimwa usiku wala mchana. Watu walikuja chini ya mnara na simu zao kuchaji kwenye soketi yetu, wavuvi kwa wahudumu wa hoteli, wamekaa kwenye ukuta wanapiga soga. Simu zilipigwa mpaka mtandao ukawa unakabwa. Nilimwambia mwenzangu kwamba mwaka huu kampuni itatoa bonasi ya kutununulia pikipiki. Mwisho wa mwaka mkuu wetu wa kituo akatusomea hesabu. Dizeli ilikuwa imekula karibu kila kilichopatikana kwenye minara yetu, na iliyobaki ilikwenda kwenye vipuri vya majenereta. Hakukuwa na bonasi. Mwenzangu alinitania kwa mwaka mzima, kila akinikuta njiani ananiuliza pikipiki yangu niliiegesha wapi.

Basi nilipoanza kusoma ripoti nilijua angalau hilo: mnara wenye watu wengi si lazima uwe mnara wenye faida. Nilikuwa nikizichapisha Darajani kwenye duka la fotokopi, nazifunga kwa uzi, naanza na kurasa za nyuma. Vijana, za mbele zina picha za watu wanaocheka na simu mkononi. Za nyuma zina maelezo ya hesabu kwa herufi ndogo, na huko ndiko kampuni inakolazimika kusema yale ambayo isingependa kuyasema. Nilitazama fedha taslimu zilizoingia kutokana na kazi yenyewe, nikatoa zilizokwenda kujenga minara na kulipia leseni na masafa, kisha nikauliza kama zilizobaki zinatosha gawio. Kama hazitoshi na gawio limetoka, ujue limetoka kwenye mkopo au kwenye kitu kilichouzwa. Nilitazama pia watu wanalipia nini. Zamani ilikuwa dakika za maongezi, halafu vifurushi vya intaneti, na siku hizi sehemu kubwa ni ada za kutuma na kutoa pesa kwa simu. Ada hizo ni nzuri kwa sababu hazihitaji mnara mpya kila zinapoongezeka. Lakini zina udhaifu wake: sheria moja ya tozo inaweza kuwarudisha watu kwenye kufunga noti ndani ya kanga.

Mnaona kwamba nilikuwa najua. Ndiyo maana kosa langu bado linanishangaza.

Bi Zuhura alikuwa amestaafu zamani na mumewe alishafariki. Alikaa peke yake ghorofa ya tano kwenye yale majumba marefu ya Michenzani. Mwanawe wa pekee, Nassor, anafanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya usafirishaji, mtoto mzuri, anampenda mama yake mpaka anamkera. Kila akija alikuwa akisema ngazi ni nyingi, maji hayapandi, na pensheni haitoshi kumlipa mwanamke anayempandishia ndoo na kumfulia, na kununua dawa za presha. Yote yalikuwa kweli. Alitaka mama yake ahamie kwake Dar. Bi Zuhura hakutaka hata kusikia.

Mwaka ule ndugu zake waliiuza nyumba ya urithi iliyokuwa Malindi, hapa hapa mjini, naye akapata fungu lake. Hapo akafanya mapatano na Nassor, mimi nikiwapo. Fungu lile liwekwe mahali pa kuzaa kipato. Likizaa cha kumtosha pamoja na pensheni yake, Nassor asimtajie tena habari za kuhama. Mwaka ukitimia na likawa halimtoshi, atafunga virago mwenyewe. Benki ya riba aliikataa. Duka la kukodisha mjini fungu lake lisingelifikia. Akanigeukia.

"Fundi, wewe si unasoma yale makaratasi ya kampuni za simu? Nchagulie."

Nilimchagulia kampuni niliyokuwa naifanyia kazi. Nilikuwa nimezisoma ripoti za kampuni nyingine mstari kwa mstari, lakini ya kwetu niliiona kama nyumba yangu, mtu hahitaji taa kutembea ndani yake. Nilichukua gazeti, nikaona jumla ya gawio la mwaka ule, nikaligawa kwa bei ya hisa. Nambari nimezirahisisha ili zikae kichwani: hisa mia tano, gawio sabini na tano. Shilingi kumi na tano kwa kila mia. Gawio hilo lilikuwa limeshalipwa na sisi tungengoja la mwakani, lakini nilisema hata likipungua kidogo litatosha. Tuliandika mahitaji yake yote kwenye karatasi, dawa, chakula, mwanamke wa maji, na ikabaki ziada ya nauli ya kumtembelea dada yake Kizimkazi. Alinunua. Karibu fungu lote.

Miezi kumi baadaye gawio jipya likatangazwa. Lilikuwa shilingi ishirini.

Nililisoma tangazo mara tatu nikidhani wameacha tarakimu. Bei ya hisa nayo ilikuwa imeshuka kuelekea mia nne. Nikaenda Darajani kuichapisha ile ripoti ya mwaka uliotangulia ambayo sikuwa nimeisoma, nikakaa nayo kwenye ngazi za duka, sikungoja kufika nyumbani. Maelezo ya hesabu, ukurasa wa nyuma kabisa. Kati ya zile shilingi sabini na tano, ishirini na tano tu zilikuwa gawio la kawaida. Hamsini zilikuwa gawio maalumu la mara moja, lililotokana na mauzo ya minara.

Minara ilikuwa imeuzwa. Kampuni ya simu iliiuza kwa kampuni nyingine ya kumiliki minara, ikapokea fedha nyingi kwa mkupuo, ikawagawia wenye hisa, na tangu hapo ikawa mpangaji kwenye minara iliyokuwa yake. Sasa kila mwezi ilikuwa inalipa kodi ya pango, na sehemu ya kodi hiyo kwa dola. Ndiyo maana hata zile ishirini na tano za kawaida zilikuwa zimepungua.

Na mimi nilikuwa najua kwamba minara imeuzwa. Nilijua kuliko mtu yeyote kisiwani. Siku moja nilikwenda na msimamizi wa kampuni iliyonunua, mnara kwa mnara, kutoka mjini mpaka Kizimkazi, tukifungua makufuli ya zamani na kufunga mapya, na mimi ndiye niliyekabidhi funguo na kutia saini. Wiki iliyofuata nilipewa shati jipya lenye nembo nyingine, na mshahara wangu ukaanza kutoka kwenye kampuni mpya. Nilipompa Bi Zuhura ushauri wa kununua hisa za "kampuni yetu", nilikuwa nimevaa shati la kampuni nyingine. Mimi mwenyewe nilikuwa sehemu ya kilichouzwa. Nililiandika badiliko la makufuli kwenye safu ya kwanza ya daftari la kazi, pamoja na namba zake, na halikunijia kabisa kwamba lina uhusiano na lile daftari jingine la hisa. Kwangu kufuli lilikuwa kufuli.

Nilipanda zile ngazi za Michenzani kwa miguu mizito kuliko nilipokuwa napanda mnara na mkoba wa vifaa. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia nikae ninywe chai kwanza. Nikasema sitakunywa mpaka niseme. Nikamweleza yote, makufuli na shati, bila ya kupunguza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kama alivyokuwa akiuliza kwenye meza ya majaribio, hitilafu iko upande wake au upande wangu.

"Upande wangu, Bi."

"Basi nshaijua ilipo. Kunywa chai."

Nikamwambia kwamba nina kiinua mgongo changu, niko karibu kustaafu, na ningeweza kumfidia upungufu wa mwaka huo. Hapo ndipo nilipomkasirisha. Aliniuliza kama nilimshika mkono akatia saini. Aliniuliza kama anaonekana mtu asiyejua kusoma. Alikaa kazini miaka thelathini akiwaambia mafundi wasidhani, akasema, na yeye mwenyewe akanunua kwa kudhani kwamba fundi wake hakudhani. "Kosa la watu wawili hilo," akasema. "Usinichukulie langu." Halafu akanyanyuka akachukua miwani yake, akaniambia nimsomee ile ripoti niliyoishika, kuanzia nyuma.

Tulikaa nayo alasiri nne. Mimi nilitaka kujua tuuze au tubaki. Yeye alitaka kujua kila kitu. Kwa nini kampuni iuze kitu kinachoiingizia fedha? Nilimweleza kwamba mnara ni mzigo, una dizeli, betri zinazoibiwa, kutu ya bahari, na kampuni nyingine zinaweza kupangisha juu ya mnara huo huo na kugawana gharama. Kwa hiyo kuuza kunaweza kuwa akili. Akauliza, kama ni akili, kwa nini zile fedha hazikulipa mikopo badala ya kugawiwa? Nikatazama. Mkopo ulikuwa bado mkubwa. Nikaliandika kwenye safu ya tatu. Akauliza pango linapanda kwa masharti gani. Ripoti haikusema wazi. Safu ya tatu. Alasiri ya nne ukurasa mzima wa safu ile ulikuwa umejaa, na yeye, badala ya kuvunjika moyo, alikuwa ana furaha ya mtu aliyefunguliwa kebo mpya.

"Haya maswali wanajibu nani?" akauliza.

Nikamwambia kuna mkutano mkuu wa wanahisa kila mwaka, unafanyika Dar, lakini siku hizi mtu anaweza kuingia kwa simu, na kila mwenye hisa ana haki ya kuuliza. Mimi katika miaka yote nilikuwa nimesikiliza tu.

Siku ya mkutano alivaa baibui lake jipya, ingawa nilimweleza kwamba hawatamwona. Tuliweka simu juu ya meza ikiegemea birika. Ulipofika wakati wa maswali, mtu mmoja alilalamikia chakula cha mkutano uliopita, mwingine akasifu uongozi kwa dakika tano. Kisha wakamtaja Bi Zuhura. Aliinama kidogo kuelekea kwenye simu, na nikaisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu shimoni Hurumzi, kila herufi mahali pake.

"Mimi ni mwanahisa kutoka Unguja. Mwaka jana mliwagawia wanahisa fedha za minara. Minara sasa mmeshaiuza. Nnaomba kujua gawio la miaka ijayo litatoka kwenye kitu gani mlichobaki nacho, na pango mnalolipa linapanda vipi."

Mwenyekiti alimshukuru mwanahisa kwa swali zuri, akasema kampuni ina mustakabali mwema. Bi Zuhura hakuondoka kwenye simu. Akasema kwa adabu kwamba amesikia shukrani na sasa anasubiri jibu. Kuna watu walicheka huko Dar. Mkuu wa fedha akachukua kipaza sauti, na nitamheshimu daima kwa hilo, akajibu. Gawio maalumu halitarudi. Pango linapanda kila mwaka kwa mkataba, na sehemu ya dola inapanda shilingi ikidhoofika. Gawio la kawaida litategemea ada za pesa kwa simu na intaneti, na kwa miaka miwili au mitatu mwanahisa asitegemee kubwa kuliko la sasa, kwa sababu mkopo unaanza kulipwa.

Bi Zuhura akaizima simu. "Yule wa kwanza kanishukuru," akasema. "Wa pili kan'jibu. Tunaweza kufanya hesabu."

Tulifanya hesabu siku ile ile. Shilingi ishirini kwa hisa iliyonunuliwa mia tano ni nne kwa mia. Haikutosha, na haingetosha kwa miaka miwili mitatu. Kwa mtu wa umri wenu hiyo si habari mbaya: kampuni inayolipa mkopo leo inaweza kuwa na gawio zuri baadaye, na nyinyi mna wakati wa kungoja. Yeye alikuwa na mwezi mmoja. Tukauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza mwanzo, si gawio ni kiasi gani, bali mahitaji yake ni yapi na lipi kati ya hayo linaweza kuondoka. Akalishika moja bila ya kufikiri. Maji. Nusu ya upungufu wake ilikuwa inapanda ngazi ndani ya ndoo.

Aliuza hisa zaidi ya nusu, kwa hasara. Nataka mlielewe hilo, sitaki mwondoke hapa mkidhani mambo yaliishia vizuri kwenye soko. Karibu moja ya tano ya fedha za hisa zile ilipotea na haikurudi. Kwa zilizopatikana alinunua tangi na pampu, akamlipa fundi bomba, maji yakapanda mpaka ghorofa ya tano. Nyingine akaziweka kwenye benki ya Kiislamu, kwa ajili ya dawa. Hisa zilizobaki akaziacha zilivyo, na ripoti zake anazisoma mwenyewe, kuanzia nyuma. Na kwa sababu flati sasa ilikuwa na maji, na kwenye majengo yale flati yenye maji hutafutwa kama tende mwezi wa Ramadhani, alifanya jambo jingine bila ya kunitaka ushauri.

Mwaka ulipotimia Nassor alikuja kwa boti ya asubuhi. Alikuwa ameshasoma kwenye simu kwamba gawio lilikuwa ishirini, na alikuja kistaarabu, bila ya kumsimanga mtu. Mama yake alimwekea karatasi mbele: pensheni, gawio dogo, kilichookolewa kwenye ndoo, na mstari mmoja ambao mimi nilikuwa sijauona, ulioandikwa "chumba". Nassor aliijumlisha mara mbili. Ilitosha, na ikabaki nauli ya Kizimkazi.

Akaenda kwenye chumba chake cha tangu utotoni kuweka begi. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani watu wawili walikuwa wanasoma kwa sauti majina ya mifupa ya mkono.

"Mama, hawa nani?"

"Wanafunzi wa uuguzi. Wanalipa kila tarehe mosi, na asubuhi wananpima presha bure."

"Na mie ntalala wapi?"

Bi Zuhura akamwonesha mkeka wa ukumbini. Alikuwa ameshamwekea mto.

Alilala hapo siku mbili, na Jumapili nilimsindikiza bandarini. Tulipofika getini akatoa mfukoni tiketi mbili, yake na aliyokuwa amemkatia mama yake, akaniuliza kama kampuni ya boti hurudisha fedha. Nikamwambia sijui, aulize dirishani.

Akauliza. Hawarudishi.